Wageni wamerudi, mbona sisi hatujaitwa?

Swali: "Nilikuwa mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya kusini kwa miaka tisa. Machi 2020 tuliambiwa twende likizo bila malipo, Septemba nikapewa barua ya kupunguzwa kazi. Hoteli ilifunguliwa tena, na sasa ukija wikendi hupati chumba. Redioni nasikia watalii wamepita hata wale wa kabla ya korona. Nimepeleka maombi zaidi ya arobaini, nimeitwa usaili mara mbili, sikupata. Siku hizi nakaanga mahamri asubuhi, na mchana nasimamia kibanda cha M-Pesa cha shemeji yangu. Uchumi ukipona, kazi zinakwenda wapi? Au kasoro ni yangu?" (Msomaji, Ukunda)

Jibu:

Dada yangu, nianze na hilo la mwisho kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi. Kasoro si yako. Kuna jambo moja katika maombi yako ambalo ningelibadilisha, nitalifikia, lakini hata ungeliandika vizuri vipi usingerudi kazini haraka kama ulivyotolewa. Nimekaa upande wa pili wa ile meza, katika ofisi za wafanyakazi za mahoteli, kwa miaka mingi, na nitakueleza mambo yanavyokwenda huko ndani.

Kwanza tuitazame hiyo habari ya redioni. Kenya ilipokea wageni wa kimataifa milioni 2 na ushei mwaka 2019. Mwaka 2020 ndege za kimataifa zilisimamishwa kuanzia mwisho wa Machi hadi Agosti, na wageni wa mwaka mzima hawakutimia laki sita. Mwaka 2021 walikuwa chini ya laki tisa, 2022 karibu milioni moja na nusu, 2023 karibu milioni 2. Idadi ya 2019 ilikuja kupitwa wazi mwaka 2024, walipofika takriban milioni 2.4. Ni miaka minne hiyo. Uchumi wa nchi nao ulishuka kidogo tu mwaka 2020, chini ya asilimia moja, na 2021 ukakua kwa zaidi ya asilimia 7. Kwa hiyo waliosema mwaka ule kwamba uchumi umepona hawakusema uongo. Walikuwa wanahesabu shule zilizofunguliwa, mabenki na ujenzi, pamoja na hoteli yako iliyokuwa bado na vumbi. Ukivijumlisha vyote unapata nchi iliyopona, na ndani yake Ukunda iliyolala.

Halafu waangalie hao wanaojaza vyumba wikendi. Wengi ni wageni wa ndani, wanashuka kwenye treni Ijumaa jioni na Jumapili wanarudi Nairobi. Mgeni wa zamani kutoka Ulaya alikuwa akikaa wiki mbili, na Jumanne alikuwepo. Hoteli inayojaa siku mbili kati ya saba inahitaji mikono siku mbili kati ya saba, na mikono ya siku mbili inaitwa kibarua. Wewe unapita barabarani Jumamosi, unaona maegesho yamejaa, unauliza mbona hawaniiti. Meneja anaitazama Jumanne.

Sasa tuingie ndani. Siku hoteli ilipowapunguza, uamuzi ulifanywa kwa mkutano mmoja. Nimekaa katika mikutano ya namna hiyo. Haichukui saa mbili. Mhasibu anasema fedha zimebaki za miezi mingapi, mwenye hoteli ananyamaza, orodha inapitishwa. Kurudisha watu hakuna mkutano wake. Wageni wakianza kuonekana, kitu cha kwanza ni kuwaongezea saa wale waliobaki. Mpokezi aliyekuwa na zamu moja anapewa moja na nusu, na kwa kuwa ameona wenzake wakienda nyumbani, halalamiki. Zikifika siku ambapo hata hao hawatoshi, wanaitwa vibarua. Msimu mzuri ukija, baadhi ya vibarua wanapewa mkataba wa miezi mitatu. Baada ya msimu wa pili mzuri, pengine wa tatu, ndipo meneja anapeleka makao makuu ombi la nafasi ya kudumu, na ombi lile nalo linaweza kukaa mezani mwa mtu hadi mvua za masika zinyeshe. Kila ngazi inasubiri ile ya chini yake ijae. Wewe unaomba ngazi ya juu kabisa.

Kwa nini wanaogopa hivyo? Walter Oi, mwanauchumi wa Marekani, aliliandika mwaka 1962 jambo ambalo kila mkuu wa wafanyakazi analijua mkononi: mfanyakazi si kama umeme, unaowasha ukiuhitaji na kuuzima ukitosheka. Kumtafuta ni gharama, kumfunza ni gharama, na kumtoa ni gharama. Hapa Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya mwezi mmoja, taarifa kwa chama cha wafanyakazi au ofisa wa kazi, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Wewe wa miaka tisa ni siku 135. Zidisha kwa wafanyakazi themanini, katika mwaka ambao hoteli haina mgeni hata mmoja. Meneja aliyezilipa fedha zile mwaka 2020 hajazisahau. (Wapo wenzangu wanaotumia hesabu hii kusema sheria ndiyo inayoua ajira. Mimi siungi mkono. Bila siku zile 135 ungerudi Ukunda na begi tu, na mahamri usingekuwa na mtaji wa kuyaanzia.)

Na hofu ya pwani ina historia. Waulize wazee wa mahotelini: ghasia za Likoni 1997, bomu la Kikambala 2002, vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kisha Mei 2014 Uingereza ilipowatahadharisha raia wake wasije Mombasa, na wageni wakarudishwa kwao kwa ndege kabla likizo zao hazijaisha. Wageni wa nchi nzima walitoka karibu milioni 1.8 mwaka 2011 hadi kama milioni 1.2 mwaka 2015, na milioni 2 haikufikiwa hadi 2018. Meneja aliyepitia yote hayo akiona msimu mmoja mzuri hashangilii. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akikosea kwa kuchelewa kuajiri, hasara yake ni wageni wachache watakaonung'unika kwamba foleni ya mapokezi ni ndefu. Akikosea kwa kuwahi, analipa tena siku 15 kwa kila mwaka. Ungekuwa wewe ungechagua kosa lipi?

Hili si la kwetu peke yetu, na nitakupeleka Marekani kidogo kwa sababu wenzetu wale wanahesabu kazi kila mwezi, kwa hiyo unaweza kuiona saa ikitembea. Mdororo wao mkubwa wa uchumi ulianza Desemba 2007 na kwa hesabu rasmi uliisha Juni 2009. Uliisha, lakini ukosefu wa ajira uliendelea kupanda hadi ukafika asilimia 10 Oktoba mwaka ule. Zilipotea kazi kama milioni 8.7, na idadi ya kazi haikurudi ilipokuwa hadi Mei 2014. Karibu miaka mitano baada ya ule mwezi ambao wataalamu wanauhesabu kuwa ndio mgonjwa alipona! Kisha tazama 2020. Katika miezi miwili tu walipoteza kazi kama milioni 22, ukosefu wa ajira ukapita asilimia 14 mwezi Aprili. Pigo lilikuwa zaidi ya maradufu ya lile la kwanza. Lakini kufikia katikati ya 2022 kazi zile zote zilikuwa zimerudi.

Tofauti ilitoka wapi? Serikali yao ilimwaga fedha nyingi, kweli. Ila kuna namba nyingine ninayoiona ina uzito zaidi kwa swali lako: Aprili 2020, karibu wanne kati ya kila watano waliokuwa hawana kazi walisema wamesimamishwa kwa muda tu. Jina lao lilikuwa bado kwenye kompyuta ya mwajiri, na namba yao ya simu kwa msimamizi wa zamu. Mlango ulipofunguliwa waliitwa. Hakuna tangazo lililotolewa, hakuna usaili. Wajerumani wana utaratibu wa muda mrefu wa jambo hilo hilo: mwajiri anapunguza saa za kazi badala ya watu, na serikali inafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Mwaka 2009 uchumi wao ulianguka kwa zaidi ya asilimia 5 na ukosefu wa ajira haukutikisika sana, kwa kuwa watu zaidi ya milioni moja walikuwa kwenye saa pungufu bila kukatwa kazini.

Sasa rudi kwenye barua yako. Machi 2020 ulikuwa na mwajiri asiyekuwa na kazi ya kukupa. Septemba ukawa huna mwajiri. Kwa mfuko wako siku zile mbili zilifanana, maana mshahara haukuwepo tangu Machi. Kwa soko la ajira ni dunia mbili. Uzi uliokuunganisha na hoteli ulikatwa Septemba, na baada ya hapo hukuwa tena mtu wa kuitwa, ulikuwa mtu wa kutafuta.

Na kutafuta ni kazi ngumu kwa pande zote mbili. Peter Diamond, Dale Mortensen na Christopher Pissarides walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2010 kwa kuonyesha kwamba soko la ajira si gulio la Jumatano ambapo nyanya zote ziko wazi na bei inajulikana. Ni pande mbili zinazotafutana gizani. Nafasi ipo Watamu, mwenye kuifaa yuko Ukunda, na hakuna anayemjua mwenzake. Kadiri wanaotafuta wanavyozidi, ndivyo kila mmoja anavyochelewa kuonekana. Marekani katikati ya 2009 kulikuwa na watu zaidi ya sita wasio na kazi kwa kila nafasi iliyotangazwa. Kabla ya mdororo walikuwa chini ya wawili.

Hapa niungame. Mwaka mmoja baada ya msukosuko tulitangaza nafasi moja ya mapokezi. Moja. Maombi yalijaza katoni mbili za maji, achana na yaliyokuja kwa barua pepe. Tulikuwa watu watatu na alasiri moja ya kuyapitia. Hakuna binadamu anayesoma katoni mbili kwa haki. Tulianza na kigezo cha stashahada, ingawa kazi yenyewe haikuihitaji. Yule tuliyekuwa naye kabla hakuwa nayo na alikuwa hodari. Rundo bado kubwa. Tukaweka Kiitaliano. Bado. Mwisho mmoja wetu akasema, "Tuwatoe wasio kazini hivi sasa." Tukawatoa. Sikupinga, na sina hakika kwamba katika lile rundo lililotolewa hakukuwa na aliye bora kuliko tuliyemchukua. Vigezo vinapanda wakati wa shida kwa sababu hiyo hiyo: si kwamba kazi imekuwa ngumu, ni kwamba rundo limekuwa refu na siku haijaongezeka. Ubaya ni kwamba rundo likipungua baadaye, kigezo kinabaki kwenye tangazo, na hakuna anayekumbuka kilitoka wapi.

Watafiti huko Marekani walilijaribu jambo hili kwa kutuma wasifu wa kubuni kama 12,000 kwa nafasi za kazi zipatazo 3,000, zinazolingana kwa mengi isipokuwa muda mtu aliokaa bila kazi. Simu za kuitwa usaili zilipungua kadiri muda ulivyorefuka, na sehemu kubwa ya upungufu ilikuwa katika miezi minane ya kwanza. Lakini kilichonikalia kichwani ni hiki: katika miji ambayo kazi zilikuwa haba kwa kila mtu, pengo halikumwumiza mwombaji sana. Liliumiza zaidi pale ambapo kazi zilikuwa tele. Ukifikiri utaona mantiki yake. Mwaka 2020 pengo lako lilikuwa na maelezo, kila mtu wa hoteli alikuwa nyumbani. Leo msaili anaiona hoteli imejaa, anaona "2020 hadi sasa: sina kazi", na anajiuliza wenzake waliitwa, huyu aliachwa kwa nini. Kuchanua kwa soko kunakufanya uonekane na kasoro usiyokuwa nayo. Naona ni moja ya mambo yasiyo ya haki kabisa katika shughuli hii.

Nimeitaja nafasi iliyotoweka? Bado. Mapokezi imebadilika kuliko idara nyingi. Mgeni siku hizi ameshaweka nafasi na kulipa kwa simu kabla hajafika. Hoteli zilipokuwa tupu, wenye nazo walipata muda wa kujaribu waliyoyaogopa siku zote: zamu ya usiku ya mapokezi iliunganishwa na ukaguzi wa hesabu za usiku, kazi mbili zikawa kiti kimoja. Mambo yakienda hayarudishwi. Jikoni hali ni kinyume, wapishi wazuri wengi wamekwenda Qatar na Saudia, na utasikia mameneja wakilia kwamba hawapati watu. Wanalia kweli, na wewe unalia kweli, kwa siku moja, barabara moja.

Jambo la kubadilisha sasa. Umeniandikia kwamba unauza mahamri na unasimamia kibanda cha M-Pesa, lakini kwa maelezo yako ya maombi naona wasifu wako unasema huna kazi. Mbona? Marekani asiye na kazi anahesabiwa hana kazi. Kwetu kila kumi wanaofanya kazi nje ya mashamba madogo, zaidi ya wanane wako katika sekta isiyo rasmi, na takwimu za serikali zinakuhesabu wewe miongoni mwao. Mdororo wetu hauonekani sana kwenye idadi ya wasio na kazi. Unaonekana kwa mpokezi wa miaka tisa anayekaanga mahamri. Serikali inasema una kazi, wewe mwenyewe unakana. Kibanda cha M-Pesa ni kushika fedha za watu, kusawazisha salio kila jioni, kukagua vitambulisho, na kuzungumza na mteja mwenye hasira kwamba hela imekwenda namba isiyo yake. Andika hivyo, kwa tarehe, na shemeji awe mtu wa kuulizwa habari zako. Kama hoteli haikukupa cheti cha utumishi, kidai. Ni haki yako kwa sheria ile ile ya 2007, na hakihitaji ugombane na mtu.

Maombi arobaini kwa barua pepe yalikwenda kwenye katoni kama zile zetu. Ningeyapunguza yawe matano, na nguvu niliyookoa ningeitumia kuufunga tena ule uzi. Nani aliyekuwa msimamizi wako wa zamu, na sasa yuko hoteli gani? Msimamizi anayejua kwamba unaweza kutuliza basi zima la wageni waliokosa vyumba ana habari ambayo hakuna wasifu unaoweza kuibeba, na ndiye anayeulizwa kwanza vibarua wanapohitajika, kabla tangazo halijafikiriwa. Ukipewa kibarua au mkataba wa miezi mitatu, chukua, ingawa ni chini ya ulivyokuwa. Ila weka rekodi ya siku zako. Sheria inasema kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimiza mwezi mmoja anageuka wa mshahara wa mwezi, na wapo waajiri wanaomkata mtu kwenye wiki ya tatu ili mwezi usitimie. Ukiona unakatwa hivyo kila mara, umeshajua nyumba ile haina ngazi ya juu.

Na usikae hapo muda mrefu kwa shukrani. Utafiti wa Canada juu ya vijana waliomaliza chuo wakati wa mdororo uligundua kwamba mishahara yao ilichukua karibu miaka kumi kuwafikia wenzao, na walioweza kufikia walifanya hivyo hasa kwa kuhama mwajiri mmoja hadi mwingine. Mwaka mmoja, misimu miwili, kisha uanze tena kuulizia penginepo ukiwa kazini. Utakumbuka kigezo chetu cha mwisho kwenye yale makatoni.

Kuhusu lini: Agosti na Desemba usipoteze nauli. Hoteli ikiwa imejaa hakuna mtu wa kukusikiliza, na orodha ya wafanyakazi wa msimu ilishafungwa. Orodha ya Julai inapangwa Mei na Juni, mvua inanyesha, vyumba vinapakwa rangi na meneja ana muda wa kunywa kahawa. Ya Desemba inapangwa Oktoba. Nenda Jumanne, baada ya saa nne asubuhi, wageni wameshamaliza kiamsha kinywa na mapokezi kumetulia. Usiende na bahasha peke yake, mpigie kwanza yule msimamizi wako akutaje kwa jina kwa meneja.